Msaada usingoje karatasi: kisa cha mtoto mmoja mwenye usonji, Kaunti ya Kilifi

Mtoto huyu alipata barua ya hospitali inayosema ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, akiwa amepita miaka sita. Mamake alianza kuuliza kabla hajafikisha miwili. Katikati hapo familia ilipita zahanati, kwa mganga, kanisani, kliniki ya kifafa, chekechea mbili, kituo cha tathmini cha elimu na hospitali kubwa, na karibu kila mlango waliobisha ulikuwa na mtu ndani. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kiandikwe. Tumezoea kusema watoto wa aina hii hukosa huduma kwa sababu wazazi wanaamini mapepo, au kwa sababu wataalamu ni wachache. Yote mawili yamo humu, lakini hayatoshi kueleza miaka zaidi ya minne. Kilichomchelewesha hasa ni kwamba kila msaada ulifungwa kwenye karatasi, na kila karatasi ikafungwa kwenye karatasi nyingine.

Mimi ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na kazi yangu ya sasa ni kuwatathmini kabla hawajapangiwa shule. Mama wa mtoto ameniruhusu kuandika. Mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio nimeuacha ulivyo.

Alivyokuwa

Ni kijana wa bara ya Kilifi, upande wa Ganze, mbali na lami. Alikaa, akasimama na kutembea kwa wakati wake. Kabla ya mwaka na nusu alikuwa akimwita mamake, akiomba maji, akifukuza kuku kwa sauti. Kisha maneno yakapungua, moja moja, mpaka yakaisha. Baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno hivyo, na ni dalili isiyofaa kungojwa hata wiki moja.

Alipenda vifuniko vya soda. Alivipanga mstari kutoka mlangoni hadi jikoni, vyekundu kwanza, vya kijani baadaye, na mtu akisogeza kimoja kwa mguu alilia mpaka kirudishwe palepale. Mashine ya kusaga mahindi ikiwashwa aliziba masikio na kukimbia bila kuangalia aendako. Jina lake akiitwa hakugeuka, lakini karatasi ya biskuti ikichanwa chumba cha pili alikuja mbio. Kwa hiyo nyumbani walijua kwamba anasikia, ingawa majirani walisema ni kiziwi.

Aliyeona mapema kuliko wote ni nyanya yake. Alimwambia mkaza mwana wake: “Nikimwonyesha mbuzi kwa kidole, haangalii mbuzi wala haniangalii mimi. Na yeye hajawahi kunionyesha kitu.”

Ningepewa ruhusa ya kubandika maneno ya mtu mmoja kwenye ukuta wa kila kliniki ya watoto katika kaunti hii, ningebandika hayo. Mtoto wa miezi kumi na minane humwonyesha mwenzake kitu kwa sababu anataka wakione pamoja: ndege, pikipiki, ng'ombe wa jirani. Mtoto asiyefanya hivyo kabisa anahitaji kutazamwa kwa karibu. Dodoso la M-CHAT, linalotumika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lina maswali 20, na kadhaa kati yake yanauliza jambo hilohilo la kuonyesha kwa kidole na kufuata macho ya mwenzako. Bibi huyu alilijibu kabla hajaulizwa. Hakuna aliyeandika jibu lake popote.

Kliniki ya miezi kumi na minane

Kila mama hapa Kenya hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kuna kurasa za chanjo, kuna grafu ya uzito, na kuna sehemu ya hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaza shingo, kukaa, kusimama, kutembea, kusema. Nimekishika kijitabu cha mtoto huyu. Chanjo zote zimejazwa, tarehe na sahihi. Grafu ya uzito ina nukta zinazopanda vizuri. Sehemu ya hatua za ukuaji haina hata alama ya kalamu.

Sindano ya kwanza ya surua hutolewa miezi tisa, ya pili miezi kumi na minane. Baada ya hiyo ya pili akina mama wengi wa huku hawarudi kliniki mpaka mtoto augue. Kwa hiyo serikali humwona karibu kila mtoto, bila kumtafuta, katika umri uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Sijui nafasi nyingine rahisi kama hiyo katika maisha ya mtoto wa kijijini. Siku hiyo mama huyu alimwambia muuguzi kwamba maneno yanapotea. Akajibiwa kuwa wavulana huchelewa kusema, na uzito ni mzuri.

Simlaumu muuguzi. Yeye ni mmoja, benchi limejaa, na hakuna aliyempa njia ya kufanya lolote jingine. Angejua kwamba mtoto asiyesema anapaswa kwanza kupimwa masikio, angempeleka wapi, kwa barua gani, na jibu lingemrudia vipi? Mtu asiye na pa kumpeleka mgonjwa hujifunza kutouliza maswali, na nimewaona wauguzi wazuri sana wakifikia hapo.

Kwa mganga, kisha kifafa

Mwaka wa tatu walimpeleka kwa mganga, ambaye alisema ni nyuni, pepo wa ndege anayeaminika kushambulia watoto. Baadaye wakampeleka kwa maombi. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti wao kutoka Pwani ya Kenya, ambamo wazazi na wataalamu wanaoshughulika na watoto wenye usonji waliulizwa chanzo ni nini. Walitaja mapepo, uchawi na laana, na wakataja pia maradhi, matatizo ya uzazi na kurithi. Tiba nazo zilitafutwa kote: kwa waganga, kwa viongozi wa dini na hospitalini. Familia hii ilifanya vivyo hivyo, na haikuona ugomvi wowote kati ya njia hizo.

Nilimuuliza mama kwa nini kwa mganga walirudi mara kadhaa na zahanati hawakurudi. Alinijibu bila kufikiri sana: mganga aliwapokea siku ileile, akasikiliza habari yote tangu ujauzito, akawapa sababu, na akawaambia siku ya kurudi. Walilipa mbuzi na kuku, na hali ya mtoto haikubadilika. Hata hivyo vitu vinne alivyotaja ndivyo ambavyo mzazi yeyote angetaka kwa daktari: kupokewa, kusikilizwa, kuelezwa, na kujua kinachofuata. Tukitaka watu waje kwetu mapema, tuanze na hivyo. Kuwahubiria kuhusu ushirikina hakujamleta mtoto hata mmoja kwangu.

Hatari ya kweli ilikuja mtoto alipoanza kifafa, akiwa na miaka minne. Kifafa na usonji hukutana mara nyingi katika mtoto mmoja. Walimkimbiza hospitali, akapewa dawa, na mwanzoni jamaa wa upande wa baba alitaka iachwe ili isichanganywe na dawa ya mganga. Nyanya ndiye aliyekataa. Dawa ikafanya kazi, vipindi vikapungua, na kila mwezi wakawa wanakwenda kuchukua nyingine. Kila mwezi, basi, mtu wa afya alimwona mtoto wa miaka minne asiyesema neno, akaandika idadi ya vipindi vya kifafa, akampa mama dawa. Swali la kusema halikuwamo kwenye fomu yake.

Hapa pananiuma zaidi, kwa sababu ni Kilifi. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Uingereza la Wellcome Trust zilianzisha kituo chao cha utafiti hapa mwaka 1989, pamoja na hospitali ya wilaya kama ilivyoitwa zamani. Profesa Charles Newton na wenzake wametumia miaka mingi wakichunguza malaria ya ubongo, kifafa na ukuaji wa watoto wetu. Ni wao walioonyesha kwamba karibu robo ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kasoro fulani ya kusema, kufikiri, kutembea au nyingine. Uchunguzi wa watoto wa miaka 6 hadi 9, uliochapishwa 2006, ulikuta watoto 61 kati ya kila 1,000 wana kasoro ya neva ya kiasi au kali. Mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kilichoandaliwa hapahapa na kinachobeba jina la Kilifi, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu. Watu wa nchi nyingine wanakijua.

Kwa hiyo hatukukosa vipimo, wala hatukukosa ushahidi kwamba watoto hawa wapo na ni wengi. Elimu ilizaliwa katika kaunti hiihii, ikasafiri hadi vyuo vikuu vya ng'ambo, na haikufika kwenye dirisha la dawa za kifafa.

Mzunguko

Akiwa na miaka mitano alipelekwa chekechea. Mwalimu alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na huyu alikuwa akitoka mbio kila kengele ikilia. Akarudishwa nyumbani. Chekechea ya pili ilimvumilia muhula mmoja, kisha ikamwelekeza mama kwenye kituo cha tathmini.

Vituo hivi ni vya Wizara ya Elimu. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark, na wazo lake lilikuwa zuri sana: mzazi asisafiri hadi Nairobi kujua mtoto wake asome wapi. Mimi hufanya kazi katika kimoja, na hapo ndipo tulipomwona. Tulikaa naye asubuhi nzima, tukamtazama akicheza, tukamhoji mama na nyanya, na kabla ya saa sita tulijua vya kutosha kupendekeza shule yenye kitengo maalumu na kueleza mwalimu aanzie wapi.

Shule ikataka barua ya hospitali. Hospitali ya karibu ikasema barua hiyo hutolewa na daktari wa watoto au wa akili, naye huja kwa zamu. Siku ya zamu yake wakaambiwa masikio yapimwe kwanza, mahali pengine. Masikio yalikuwa mazima. Waliporudi, zamu ilikuwa imepita. Ilipopatikana barua, ikaja hadithi ya usajili: ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anahitaji fomu iliyojazwa na jopo la hospitali, na jopo hukaa likitimia. Bila usajili huo, msaada wa Inua Jamii kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, haukuweza hata kuombwa. Mzee wa mtaa naye hakuona ulemavu wowote. Alisema mtoto ana miguu, anakimbia kushinda wenzake.

Safari yenyewe inastahili kuelezwa, maana kwenye faili huonekana kama tarehe tu. Wanatoka alfajiri kwa boda boda, kisha matatu. Lazima wawe watu wazima wawili, maana mmoja hawezi kumshika akitaka kuruka. Nauli ya kwenda na kurudi inazidi kibarua cha siku cha baba, aliyekuwa akifanya kazi ya mjengo Mombasa. Ndani ya matatu muziki uko juu, mtoto anapiga kelele, abiria wanamwambia mama amchape. Hospitalini wanaketi kwenye foleni chini ya televisheni inayonguruma. Wakiitwa ndani, daktari anamkuta mtoto aliyechoka, mwenye hofu, analala sakafuni, na anaandika alichokiona dakika hizo.

Wengine hawapati hata njia hii yenye miiba. Msichana mkimya anayeongea vizuri lakini hana rafiki huitwa mpole. Mvulana asiyetulia wala kumakinika huitwa mtundu na kula kiboko, ingawa ubongo wake ndio unaofanya kazi kwa namna nyingine. Sensa ya 2019 iliwauliza watu wa miaka mitano na zaidi kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ikapata asilimia 2.2 wenye ulemavu. Watoto hao wawili hawamo katika hesabu hiyo.

Kilichosaidia kabla ya barua

Wakati bado wanazungushwa, mama alijiunga na kikundi cha walezi kinachofuata mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji. Ni vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Wanaoyaendesha si lazima wawe madaktari. Mwalimu au mhudumu wa afya aliyefunzwa anatosha. Na jambo kubwa kwangu ni hili: mtoto hadaiwi barua ya daktari ndipo mlezi wake apokewe.

Katika ziara ya nyumbani niliyohudhuria, mama alifundishwa kuingia katika mchezo wa mtoto badala ya kumtoa. Aliketi chini karibu na mstari wa vifuniko, akiwa na vingine mkononi. Mtoto aliponyoosha mkono kuchukua, mama hakumpa mara moja. Alikishika kifuniko karibu na uso wake, akakitaja, akangoja. Mtoto akavuta mkono wa mama. Mama akangoja tena. Macho ya mtoto yakapanda hadi usoni pake, kitambo kidogo, na hapohapo akapewa. Wakarudia hivyo mpaka mstari ukafika kwenye kizingiti. Nyanya alikuwa pembeni akihesabu kwa sauti kila mara alipoangaliwa.

Baada ya wiki kadhaa mtoto alianza kumletea mamake kikombe akiwa na kiu, badala ya kujigonga kichwa ukutani. Kisha zikaja picha chache zilizochorwa kwa mkono: chakula, choo, nje, kulala. Mahindi sasa hupelekwa kusagwa asubuhi na mtu mwingine, na mtoto hapitishwi njia ile. Bado hasemi. Lakini usiku analala, na baba, ambaye alikuwa amepunguza kuja nyumbani kwa sababu ya maneno ya ukoo kwamba balaa limetoka upande wa mama, alikuja kwenye kikao cha mwisho akakaa hadi mwisho.

Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema kuanza kusaidia kabla ya uchunguzi kamili ni hatari: huenda mtoto ni kiziwi, huenda ana kifafa, huenda anakua polepole tu. Hoja ya masikio naikubali kabisa, na ndiyo maana kipimo hicho kingefanywa mapema, si mwaka wa sita. Lakini kumfundisha mama kucheza na mwanawe, kungoja, kuangaliana na kutumia picha hakumdhuru mtoto wa aina yoyote. Aliyekuwa akikua polepole atakua akiwa amechezewa.

Wala sisemi uchunguzi hauna maana. Barua ile iliwafungulia usajili, iliwanyamazisha waliomlaumu mama, na itamfaa mtoto akiwa mtu mzima anayehitaji kulindwa na sheria, iwe ni Katiba ya 2010 katika ibara ya 54 au Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ninachopinga ni kuifanya barua kuwa kufuli. Kitengo cha shule kingempokea kwa pendekezo la kituo cha tathmini, barua ikafuata baadaye. Kliniki ya kifafa ingeongeza swali moja: anasema nini? Muuguzi wa miezi kumi na minane angeuliza lile la kidole, akajaza sehemu ambayo tayari imechapishwa kwenye kijitabu, na kuwa na namba ya simu ya kituo chetu. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa mifuko ya vifaa mwaka 2023 wanaingia nyumbani mwa watu na kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Wao ndio wangekuwa wa kwanza kusikia maneno ya nyanya. Na hospitali ingempa mtoto wa namna hii nafasi ya kwanza asubuhi, akiwa bado hajachoka. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri mtaalamu mpya ahitimu chuoni.

Mtoto sasa yuko katika kitengo maalumu, umbali ambao baba humpeleka kwa baiskeli Jumatatu na kumrudisha Ijumaa. Kadi ya Baraza imetoka. Ombi la Inua Jamii bado liko ofisini.

Ana mdogo wake wa kike. Usonji huonekana zaidi katika familia ambayo tayari ina mtoto mwenye hali hiyo, na mama alijua hilo kutoka kwenye kikundi. Mtoto alipofika miezi kumi na mitano bila kuonyesha kitu kwa kidole, alimleta kituoni kwetu mwenyewe. Masikio yamepimwa, yako sawa. Daktari hajamwona na hakuna aliyesema ana hali gani. Vikao vyake na mama vimeanza wiki ileile.